Wasomaji Wanauliza: Ada ni mstari mmoja tu wa fomu ya kujiunga

Kila msimu wa udahili tunapokea barua nyingi kuhusu vyuo vidogo vya bweni vinavyomilikiwa na dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT): vya Biblia, vya uuguzi, vya ualimu, vya ufundi. Safari hii tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Bwana Yesu asifiwe. Binti yangu amepata nafasi katika chuo cha dayosisi. Tangazo lilisema ada ni shilingi 900,000 kwa mwaka. Fomu ya kujiunga imekuja na jumla inayozidi milioni mbili. Nimeibiwa, au ndivyo ilivyo? — Mzazi, Karatu

Amina, mzazi wetu. Hujaibiwa, ila tangazo halikukutendea haki. Matangazo mengi hutaja ada ya masomo peke yake, na kwenye chuo cha bweni huo ni mstari mmoja tu. Chini yake kuna bweni, chakula, na michango midogo midogo ambayo mmoja mmoja haitishi, lakini ikijumlishwa inafika laki mbili kabla hujashtuka.

Tufanye hesabu pamoja. Tarakimu nyingi hapa ni za mfano, si bei ya chuo fulani. Ada ya masomo 900,000. Bweni 200,000. Chakula: muhula ukiwa wa wiki 17, mihula miwili ni siku 238; chuo kikikadiria shilingi 3,000 kwa siku, chakula cha mwaka ni 714,000. Hapo umefika 1,814,000. Sasa michango ya mara moja kwa mwaka: usajili 10,000, kitambulisho 10,000, mitihani ya ndani 100,000, serikali ya wanafunzi 10,000, fedha ya tahadhari (dhamana ya vitu vya chuo) 20,000, ada ya uhakiki ubora inayokwenda NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi) 15,000, na bima ya afya ya NHIF ambayo kwa mwanafunzi wa chuo imekuwa 50,400 kwa miaka mingi. Hizo ni 215,400. Jumla kuu ni 2,029,400.

Kinachowaumiza wazazi zaidi ya jumla yenyewe ni mpangilio wa awamu. Ukisikia "unalipa kwa awamu nne," usigawanye jumla kwa nne. Michango ya mwaka hudaiwa yote siku ya kuripoti. Kwa mfano wetu, 1,814,000 ikigawanywa kwa nne ni 453,500, lakini awamu ya kwanza inakuwa 453,500 kujumlisha 215,400, yaani 668,900. Mzazi aliyekuja na laki tano anajikuta getini na binti yake na sanduku, huku mhasibu akimwambia bado 168,900. Ongeza nauli, godoro na sare, ambavyo fomu huviweka ukurasa wa mwisho.

Ukishapata fomu, mwulize mhasibu wa chuo mambo matatu, na majibu yake uyapate kwa maandishi. La kwanza, je, gharama ya mafunzo kwa vitendo imo au ni ya kujitegemea? Kwa kozi za afya na maendeleo ya jamii, mwanafunzi hupelekwa hospitali au kijijini kwa wiki kadhaa, na mara nyingi chakula na nauli ya huko haviko ndani ya jumla. La pili, chakula cha likizo fupi kinahesabiwaje? La tatu, ada inaweza kupanda katikati ya kozi? Vyuo vingine humlinda aliyekwisha kuanza, vingine humpandisha pamoja na wapya.

Malipo yafanyike benki, kwenye akaunti ya chuo au kwa kontroli namba uliyopewa. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo anajitambulisha kuwa msajili. Sehemu ya maelezo ya malipo iandikwe jina la mwanafunzi na namba yake ya usajili. Mjomba akilipa na kuandika jina lake tu, fedha inaingia chuoni lakini haina mwenyewe, na binti atazuiwa kuingia mtihani ilhali ada imelipwa. Risiti ya benki nayo si stakabadhi ya chuo: ipelekwe kwa mhasibu, itolewe stakabadhi, kisha zote mbili zitunzwe hadi siku ya kuhitimu. Migogoro mingi ya "unadaiwa" tunayoandikiwa huwa ya mwaka wa pili au wa tatu, na anayeshinda ni mwenye karatasi.

Nina D ya Kiswahili, D ya Uraia, D ya Baiolojia na C ya Elimu ya Dini kidato cha nne. Chuo ni cha kanisa. Je, wataikubali hiyo C ili nisome stashahada? — Kijana, Njombe

Kijana wetu, hapana, na hapa wengi hujikwaa kwa sababu wanadhani chuo cha kanisa kitaithamini C ya dini kuliko wengine. Kwa kozi zinazosimamiwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, sifa ya chini ya kuanza ngazi ya 4, hatua ya kwanza kuelekea stashahada, ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Wewe unayo matatu. Mkuu wa chuo hawezi kukusaidia hata akitaka: jina lako litapelekwa kwenye mfumo wa Baraza kuhakikiwa, nalo litarudi limekataliwa. Kama umeshakaa bwenini miezi miwili, utaondolewa, na ada iliyokwisha tumika hairudi.

Dawa yake si kubwa. Unahitaji somo moja tu. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kilicho karibu nawe. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani hufanyika Novemba. Usirudie somo moja pekee. Chukua mawili au matatu unayoyaweza, ili moja likianguka lingine likubebe. Wakati wa kuomba chuo utajaza namba zote mbili za mtihani, ya mwaka ule na ya mwaka huu.

Angalia pia kozi unayoitaka kabla hujachagua masomo ya kurudia. Uuguzi na utabibu vinadai Kemia, Baiolojia na Fizikia ndani ya yale manne. Mwenye D ya Uraia na D ya Historia hawezi kuingia huko hata awe na D kumi za aina hiyo. Maendeleo ya jamii hayabani masomo ya sayansi. Ukimaliza ngazi ya 4 unapanda ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada.

Vyuo vya Biblia vya dayosisi vina cheti chao chenye masharti mepesi zaidi ya kuingilia, na hapo C yako ya dini itapokelewa vizuri. Lakini jua unachokipata: cheti cha namna hiyo, kama hakiko chini ya NACTVET, kinatambuliwa na kanisa kwa kazi ya kanisa, na hakitakupandisha kwenda stashahada ya serikali.

Mimi ni mzee wa kanisa na mwalimu wa Sunday school, nina miaka 34. Nikijilipia mwenyewe stashahada ya theolojia, nitabarikiwa kuwa mchungaji? — Msomaji, Mbulu

Mzee wetu, cheti na wito wa kanisa ni vitu viwili, na chuo kinatoa kimoja tu. KKKT ilizaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa makanisa saba kuungana, na hadi leo dayosisi ndiyo inayoita, inayobariki na inayompangia mtumishi kituo. Mkuu wa chuo hana mamlaka hayo. Wapo waliohitimu vizuri kwa fedha zao na wamerudi nyumbani kusubiri, kwa sababu dayosisi haikuwahi kuwatuma.

Kwa hiyo anzia usharikani. Mweleze mchungaji wako nia yako kabla hujagusa fomu ya chuo. Jina lako lijadiliwe na baraza la wazee, liende jimboni, kisha ofisi ya dayosisi. Ukipitishwa, unakwenda chuoni ukiwa mwanafunzi wa dayosisi, na gharama hugawanywa kati ya dayosisi, usharika na wewe, kwa viwango vinavyotofautiana sana. Usisafiri na ahadi ya mdomo. Omba barua inayotaja nani analipa kiasi gani na kwa miaka mingapi, na kama utatakiwa kuitumikia dayosisi kwa muda fulani baada ya kuhitimu. Usharika hubadilisha mchungaji, na mchungaji mpya hafungwi na maneno ya aliyemtangulia.

Dayosisi ikisema haina nafasi kwa sasa, bado unaweza kusoma kama mwanafunzi binafsi. Uliza tu waziwazi: nikimaliza, mtanitambua? Jibu la "tutaona" lichukue kuwa hapana, na upange maisha yako hivyo.

Kuhusu masomo yenyewe, tegemea Agano la Kale na Agano Jipya, historia ya kanisa, dogmatiki (mafundisho ya imani), maadili, liturgia (taratibu za ibada), homiletiki (namna ya kuhubiri), na utunzaji wa kichungaji. Katekisimo Ndogo ya Luther ya 1529 utaijua si kwa kukariri kama wakati wa kipaimara, bali kwa kuifundisha. Mtihani wa vitendo huwa ni kusimama mbele ya darasa na kulifundisha fungu moja, tuseme Ubatizo, kwa dakika 30 kwa watoto wa kufikirika wa miaka 13. Wanaoanguka hapo mara nyingi ni wale wanaohubiri vizuri. Wanahubiri badala ya kufundisha. Wanazungumza wao dakika zote 30 bila kumwuliza mtoto swali hata moja.

Vyuo vingi vya Biblia hufundisha kwa Kiswahili. Ukifikiria kwenda mbele hadi shahada, kwa mfano Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Usa River, masomo ni kwa Kiingereza, na hilo huwaangusha watu wazima kuliko theolojia yenyewe. Anza kusoma Kiingereza sasa hivi, ukiwa bado na mshahara.

Asalaam alaykum. Mwanangu ni Mwislamu na amechaguliwa chuo cha uuguzi cha Kilutheri. Atalazimishwa kusali kanisani? — Mama, Tanga

Waalaykum salaam, mama. Vyuo vya afya na vya ualimu vya kanisa hupokea vijana wa dini zote. Hata hivyo, kila chuo kina utaratibu wake wa ibada, na fomu ya kujiunga ina mahali ambapo mzazi anasaini kuwa ameusoma. Soma kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo chuo kitakuonyesha saini yako.

Kwa kawaida ibada ya asubuhi ni fupi, dakika 15 hadi 30 kabla ya vipindi, na hapo hapo ndipo matangazo ya siku hutolewa. Ndiyo maana baadhi ya vyuo huwataka wanafunzi wote wahudhurie, bila kumlazimisha asiye Mkristo kuimba wala kukiri imani. Vyuo vingine humruhusu kukaa maktaba. Ibada ya Jumapili kwa asiye Mlutheri huwa suala la ruhusa ya kutoka tu: Mkatoliki aende kwake, Mwislamu aende msikitini Ijumaa kati ya kipindi na kipindi.

Mpigie simu mlezi wa wanafunzi umwulize mambo ya kila siku, maana huko ndiko usumbufu hutokea. Hijabu inaruhusiwa juu ya sare, na ya rangi gani? Mwezi wa Ramadhani bwalo linawawekea wanaofunga chakula cha futari na daku, au watajitegemea? Jiko likipika nguruwe, sufuria ni zilezile? Kwa Wasabato swali ni mitihani ya Jumamosi. Hapo mwanafunzi aandike barua wiki ile ya kwanza ya muhula, iambatane na barua ya kanisa lake. Barua ikija siku tatu kabla ya mtihani, ratiba imeshabandikwa na hakuna wa kuibadilisha.

Sheria za chuo chetu ni ngumu: geti saa 12 jioni, simu ni kwa saa maalumu, hita na pasi marufuku bwenini. Wanaweza kumfukuza mtu kwa vitu kama hivi? — Mwanachuo, Iringa

Wanaweza kukuadhibu, na kosa likirudiwa, ndiyo, wanaweza kukusimamisha. Ulisaini sheria ndogo ulipojiunga. Lakini adhabu ina ngazi zake: onyo la mdomo, onyo la maandishi na nakala kwa mzazi, kamati ya nidhamu, kusimamishwa, kufukuzwa. Ngazi huruka kwa makosa mazito tu, kama wizi, kupigana, ulevi, kukutwa bweni la jinsia nyingine, au udanganyifu kwenye mtihani. Ukiitwa kwenye kamati, una haki ya kujua kosa lako kwa maandishi na kusikilizwa kabla ya uamuzi. Barua ya adhabu iwe na tarehe na ieleze unakata rufaa kwa nani na ndani ya siku ngapi. Kama haielezi, andika siku hiyohiyo kwa mkuu wa chuo, na nakala ipeleke kwa mwenyekiti wa bodi.

Geti: wengi hukamatwa kwa kuchelewa kwa sababu halali bila karatasi. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa matroni haimfikii mlinzi wa zamu ya usiku. Jaza kitabu cha ruhusa, andika unakokwenda na saa ya kurudi, na gari likiharibika njiani piga simu kabla ya saa 12, si baada yake.

Hita ni jambo tunaloliunga mkono chuo bila kusita. Soketi ya kawaida ni ampia 13. Kwa umeme wa volti 230 inabeba takribani wati 3,000. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ni wati 1,000 hadi 1,500. Chumba cha watu wanane chenye soketi mbili huishia kutumia ekstensheni, na waya wake huwa mwembamba kuliko wa ukutani. Chomeka hita mbili na pasi moja juu ya ekstensheni hiyo: waya unapata moto chini ya godoro, ganda lake linalainika, na fyuzi ya plagi huenda isikatike kwa wakati. Vitanda vya ghorofa, magodoro ya sponji na mapazia ya shuka hufanya kazi iliyobaki. Tanzania imezika watoto wa mabweni, na hakuna mlezi mwenye akili timamu atakayelegeza sheria hii. Daini kitu kingine badala yake, kupitia serikali ya wanafunzi: chumba cha pasi chenye meza na soketi zake, na maji ya moto kutoka jikoni kwa saa maalumu.

Tukiwa bado kwenye sheria za chuo: mwanafunzi akipata ujauzito, asitoroke. Aombe kuahirisha masomo kwa barua, akiambatanisha cheti cha daktari. Aliyeahirisha rasmi anabaki kwenye kumbukumbu za chuo na anarudi alipoishia. Aliyeondoka kimya anaandikwa mtoro, na kurudi kwake kunaweza kumaanisha kuanza upya na kulipa upya.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Naweza kusomea muziki katika chuo cha Kilutheri? — Bukoba

Unaweza. Makumira wana shahada ya muziki, na baadhi ya vyuo vidogo huingiza muziki ndani ya kozi ya uinjilisti. Tatizo la walimu wa kwaya wengi ni moja: wanasoma vizuri nota za do-re-mi lakini nota za mistari mitano hawazijui, na darasani mistari mitano ndiyo lugha. Chukua wimbo mmoja wa sauti nne unaoujua kwa do-re-mi, tafuta nakala yake ya mistari, na uvisome sambamba kila siku, besi kwanza. Miezi mitatu ya zoezi hilo inatosha kukuingiza darasani bila aibu.

Nitajuaje kuwa chuo na kozi vinatambuliwa? Na fomu inasema nije na vitu gani? — Mhitimu wa kidato cha nne, Singida

Usajili wa chuo hautoshi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi unayoitaka haijaidhinishwa, au imeidhinishwa ngazi ya 4 na 5 tu, na ya 6 bado. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huu, tafuta jina la chuo, kisha jina la kozi na ngazi. Kwa shahada, anayehusika ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ukihitimu stashahada na ukitaka chuo kikuu, utahitaji namba ya uhakiki ya tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET, na GPA isiyopungua 3.0. Chuo ambacho hakikupeleka matokeo yako kwa wakati kitakukosesha dirisha la udahili la mwaka mzima, kwa hiyo waulize wahitimu wa mwaka jana kama AVN zao zilitoka.

Vyeti: beba halisi na nakala zilizothibitishwa na mwanasheria, picha za pasipoti, fomu ya daktari iliyojazwa hospitali yenye mhuri. Majina ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne yakitofautiana hata herufi moja, tengeneza kiapo cha majina kabla ya kuripoti.

Godoro liwe la futi 2.5 kwa 6, inchi 4. La inchi 6 kwenye kitanda cha juu linakuinua hadi kingo ya kitanda haikuzuii tena, na watu wameanguka. Chandarua, shuka pea mbili, ndoo mbili zenye jina, kufuli mbili za sanduku, Biblia na kitabu cha nyimbo cha KKKT kama fomu inakitaja. Kufuli ya namba usilete, maana wenzako wataijua ndani ya wiki.

Mwanangu ameacha chuo baada ya wiki tano. Tutarudishiwa ada? — Baba, Same

Inategemea tarehe ya barua, baba, si tarehe aliyoondoka. Kama aliondoka bila barua, kwa chuo bado anakula na analala, na deni linaongezeka. Andikeni leo barua ya kujitoa. Ada ya masomo ya muhula ulioanza kwa kawaida hairudi, wala usajili, kitambulisho na bima. Chakula cha siku zilizobaki na fedha ya tahadhari ndivyo vya kudai, na vyuo vingi vinakubali kama fomu ya kuaga imesainiwa. Mwanao arudi chuoni siku moja na fomu hiyo: maktaba wathibitishe amerudisha vitabu, matroni au patroni akague kitanda na kabati, bwalo, mhasibu, kisha mlezi wa wanafunzi. Saini ya mhasibu iwe ya mwisho kabla ya mlezi, kwa sababu kitabu kisichorudishwa kinakatwa kwenye tahadhari, na akisaini mapema hesabu itabidi irudiwe. Aondoke na nakala.